Mtaro wa Cwm Brwynog

Kampuni ilijibu kwa barua ya karatasi,
labda kwa kujua kwamba baruapepe ingefika kesho kutwa:
nyumba yenu iko mwisho wa bonde, kilomita sita na robo,
gharama ni pauni elfu arobaini na tatu,
tunaomba radhi kwa usumbufu.

Usumbufu naujua kwa jina.
Ni kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo
kama kondoo mwenye minyoo ubongoni.
Ni Heledd, miaka kumi na minne,
akifanya mtihani ndani ya gari, kule juu kanisani,
mahali pekee simu inaposhika,
injini ikinguruma ili vidole visimgande.
Ni fomu ya wizara ya kuhesabu mifugo,
saa nane za usiku, ukurasa wa kumi kati ya kumi na moja,
na mtandao unakata
nikiwa nimebakiza sahihi.
Nilijifunza kukanda unga kati ya ukurasa na ukurasa.

Basi tukasema, tuchimbe wenyewe.
Kaya kumi na saba. Gwilym alileta trekta,
mjane wa posta ya zamani akaleta sufuria ya supu,
mwalimu wa hesabu akachora njia
nyuma ya kipande cha karatasi ya ukutani.
Sentimita sitini kwenda chini. Mawe, tope, mizizi, mawe.
Mchimba kisima huingia mwenyewe;
mchimba mtaro hatukuambiwa huingia nani.

Mstari ulinyooka mpaka kwenye shamba la Ithel.
Ithel na baba yangu hawakusemezana miaka ishirini na sita
kwa ajili ya ukuta.
Baba alisema: ardhi yetu inaishia hapa.
Ithel alisema: inaishia kule.
Baba akaujenga kwa mikono yake, jiwe juu ya jiwe,
na siku tuliyomzika
Ithel alisimama barabarani, nje ya makaburi, kofia mkononi.

Nilikwenda na keki. Hakuigusa.
Nikamweleza habari za nyuzi za kioo,
nyembamba kama unywele, zinazobeba mwanga.
"Mwanga," alisema, "hauhitaji ruhusa yangu.
Mtaro ndio unaoihitaji."
Akafunga mlango.
Asubuhi lango lake lilikuwa wazi,
limefungwa kamba lisijirudishe.

Siku ya tatu tulipenya chini ya ukuta,
na hatua nne tu upande wetu
sepetu ya Gwilym ikalia.
Tukapangusa tope kwa vidole:
jiwe la mpaka, herufi mbili,
mwaka ulioliwa na kuvu.

Hakuna aliyesema kitu. Mvua ilisema peke yake.
Ithel alikuja, akatazama,
akapiga goti kama anayekagua kwato,
kisha akausukuma udongo juu ya jiwe kwa buti lake.
"Pitisheni waya wenu," alisema. "Giza linaingia."

Mwezi wa pili taa ya kijani iliwaka jikoni.
Heledd akapiga ukelele hata mbwa akatoka nje.
Fomu ya wizara ilikwisha kabla birika halijachemka,
unga ukabaki ndani ya mfuko,
mikono yangu ikakosa kazi.
Nikafungua ramani za kale za wilaya, kujaribu tu.
Zamani ningepata muda wa kujitetea:
ingejichora kidogo kidogo, mlima kwanza, kisha mto,
nami ningeifunga kabla haijafika shambani.
Safari hii ilikuja yote kwa kupepesa jicho,
mstari mwekundu, na jiwe,
na Baba.

Ithel hana kompyuta. Haitaki.
Kesho nitapanda kwake bila keki,
kisha nitaanza na mawe ya juu,
yale madogo ambayo Baba aliyaweka mwisho,
moja moja,
kwa kasi yangu.